Shamba Halipungui Lenyewe

Mama mpendwa,

Leo asubuhi alifika ofisini kwetu mzee mmoja kutoka Uru, kofia mkononi, na hati ya madai aliyoandikiwa na mjukuu wake. Ungempenda. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, nikaendelea: jinsi babu yake alivyofyeka msitu, jinsi jirani alivyokuwa mlevi tangu ujana wake, jinsi mke wa jirani asivyosalimia watu hata kanisani. Nilipofika mwisho nikamwuliza, "Sasa Mzee, huyu jirani amekufanyia nini hasa?" Akanitazama kwa huruma, akadhani nimeajiriwa mahakamani bila kujua kusoma. "Mwanangu, si nimeeleza yote humo?" Ni kweli alikuwa ameeleza yote, isipokuwa hilo moja. Nikamvutia kiti, tukaanza upya, na tangu hapo hukunitoka kichwani siku nzima.

Nina sababu nyingine ya kukuandikia, na afadhali niiseme mapema kabla sijaanza kuzunguka mbuyu. Jumamosi napanda Kibosho kwa Aloisi. Nakwenda kumwambia kwamba nataka sehemu ya kujenga katika kihamba cha Baba. Mume wangu amekwenda Dar es Salaam na hana mpango wa kurudi. Ana nyumba nyingine huko na mtoto mwingine. Mimi na wasichana wangu wawili tunakaa chumba kimoja cha kupanga hapa Pasua, na mwenye nyumba ameanza kuniuliza nitahama lini, maana mwanawe anaoa. Sina kwingine. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nyumba ya binti iko kwa mumewe, nami nilikuwa naitikia ndiyo, Mama. Kwa hiyo kabla ya kuonana na Aloisi, nina mazungumzo na wewe.

Unakumbuka siku ile ya majani? Nilikuwa nimekuja likizo kutoka sekondari, Baba alikuwa amekwisha kufariki, na Aloisi alikuwa darasa la pili, bado anavaa shati kinyume akitoka nyumbani. Tuliteremka wewe na mimi kukata majani ya ng'ombe kule chini, kwenye kile kipande chenye kahawa ya zamani na kaburi la Baba. Mstari wa masale haukuwepo. Mashimo yalikuwa yamefukiwa na kufunikwa kwa majani makavu ya migomba, na mstari mpya ulikuwa umepandwa upande wa juu, karibu na nyumba yetu. Kaburi la Baba sasa lilikuwa ndani ya shamba la Baba Mkubwa Protasi, kaka yake.

Ulisimama na mundu mkononi. Nilitegemea upige yowe, maana yowe ulilijua vizuri, hata ng'ambo ya mto walilifahamu. Ukasema tu, "Kata hayo ya karibu twende. Ng'ombe ana njaa."

Wewe huhitaji kuelezwa habari za masale, lakini barua hii huenda ikasomwa na watu wa mbali, kwa hiyo nivumilie. Kwetu masale si majani ya kupamba uwanja. Ndiyo mpaka wa kihamba, na kihamba ni shamba la nyumbani ambamo watu huzaliwa, hulima na huzikwa. Mtu akikukosea, akakuletea jani la sale kuomba msamaha, huwezi kumfukuza. Ndiyo maana kuyang'oa yale ya mpaka si utundu wa kawaida, ni jambo linalosemekana kumfuata mtu mpaka kwa wajukuu wake. Na kumtaja mtu hadharani kwamba aling'oa masale ni kumpaka yeye na uzao wake wote. Baba Mkubwa alikuwa shemeji yako. Uzao wake ulikuwa binamu zangu, waliokuwa wakila jikoni kwako.

Ulikwenda kwanza kwa wazee wa ukoo, kama inavyotakiwa, na mbege uliyopika mwenyewe. Wakainywa mpaka machicha. Wakasema mambo ya ndugu ni ya kuzungumzwa polepole. Baba Mkubwa yeye alizungumza haraka. "Siku hizi ardhi ni ya taifa," akasema. "Hamsikilizi redio? Habari za mpaka wangu, mpaka wako, ni za kibepari." Mtu aliyesogeza mpaka ndiye aliyewatangazia wenzake kwamba mipaka imekwisha! Wazee wakatikisa vichwa, wakaomba kata nyingine. Ukarudi nyumbani ukaniambia nitoe karatasi safi, utakwenda mahakama ya mwanzo.

Tuliandika Jumapili baada ya misa, mezani, Aloisi akiwa amepigwa marufuku kutikisa meza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri nami nilijua ni mzuri. Ulikaa wima kana kwamba hakimu tayari yupo sebuleni.

"Andika: mimi ni mjane wa marehemu Severini, niliyeolewa kwa ndoa ya kanisani."

Nikaandika.

"Andika kwamba alipougua marehemu, mdaiwa hakuja hospitali hata na ndizi moja."

"Hiyo inahusu nini na mpaka, Mama?"

"Inahusu roho yake. Andika."

Nikaandika roho yake yote. Nikaandika nyama ya Krismasi ambayo haikugawanywa inavyotakiwa, na maji ya mfongo, ule mfereji wa ukoo, aliyoyafunga siku ya zamu yetu, na neno baya alilolisema kwenye matanga. Kila ulipokumbuka jambo jipya uso wako ulichangamka. Ikawa hati ndefu, tamu kusoma kuliko barua nyingi nilizowahi kuandika. Mwishoni nikauliza, "Na masale?"

"Andika: shamba langu limepungua."

"Limepunguzwa na nani?"

"Limepungua."

"Mama, hakimu atauliza."

"Hakimu ni mtu mzima. Ataelewa."

Hakimu hakuwa mtu mzima sana, utakumbuka. Alikuwa kijana kutoka mikoa ya Ziwa, mwembamba, suti yake kubwa mabegani, na masale alikuwa akiyaona kama anavyoona ua lolote. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa mahakama, watu wa kwetu, na hao walijua kila kitu tangu mbege ya ukoo. Baba Mkubwa alikuja na pingamizi. Alikuwa amechapiwa na bwana mmoja wa mjini aliyekaa na mashine yake ya taipu barazani kwa fundi cherehani, na kwa kweli yule bwana alijua kazi. Pingamizi lilikuwa fupi. Lilisema hati ya mdai haionyeshi mdaiwa amefanya kosa gani, na hata kila neno lake likiwa la kweli, bado mdaiwa hana la kujibu. Likasema pia kwamba mdai anadai kihamba kwa jina lake mwenyewe, ilhali kihamba cha marehemu kwa mila ni cha mtoto wake wa kiume.

Hakimu akakuita mbele.

"Mama, tuchukulie yote uliyoandika ni kweli. Hakuja hospitali, kweli. Nyama hakugawa, kweli. Sasa mimi nimwamuru nini? Arudishe nyama?"

Watu wakacheka. Hata yule askari wa mlangoni alicheka.

"Shamba langu limepungua, Mheshimiwa."

"Shamba halipungui lenyewe, Mama. Limechukuliwa na mto?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi nani amelipunguza, na amefanya nini?"

Ukawatazama wazee wa mahakama. Wazee wakatazama viatu vyao. Ukageuka ukamtazama Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma amejitanda kitenge mpaka kidevuni. Nilikuwa nyuma yako, naona shingo yako tu, na nilitamani kupiga kelele nimtajie yule kijana jambo lenyewe tumalize.

Hakimu hakuwa mbaya. Alingoja vya kutosha, kisha akafunga jalada. "Hati hii naikataa," akasema. "Dai lako sijalikataa, Mama, maana bado sijalisikia. Nenda kaandike upya. Sema nani, alifanya nini, wapi, lini, na unataka mahakama ifanye nini. Mengine yaache nyumbani. Na kama shamba ni la mtoto, dai kwa niaba ya mtoto."

Njiani watu walitupita wakiulizana kuhusu kurudisha nyama, wakacheka tena. Tulifika darajani. Hapo ukasimama, ukavua viatu vyako vya kanisani ukavishika mkononi, ukasema, "Yule kijana ana akili, ila hajalelewa." Tukapanda kidogo. Kisha ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikinyamaza, baba yako amelala kwa watu." Nilikuogopa kidogo siku ile, na nilikupenda sana.

Kesho yake jioni ulivaa tena zile nguo za misa. Nilidhani unakwenda jumuiya. Ulinichukua tukapita kwenye ule upenyo wa migombani mpaka nyumbani kwa Baba Mkubwa. Tuliwakuta uani, yeye ananoa panga, Mama Mkubwa anapepeta mbegu za ulezi. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia. Mama Mkubwa akainuka kutafuta kigoda, ukamwambia asihangaike, hukai.

"Shemeji," ukasema, "nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasomewa na wengine. Nitaandika kwamba uling'oa masale."

Panga likasimama juu ya jiwe. "Utaandika hivyo? Kwenye karatasi ya serikali?"

"Nitaandika."

Mama Mkubwa akaweka ungo chini. "Mama Filo, usiandike hivyo. Tafadhali. Wewe una watoto, mimi nina watoto. Sema alilima akapitiliza. Sema alikosea."

Ukamgeukia Baba Mkubwa. "Ulikosea, Shemeji? Kama ulikosea, haya, twende sasa hivi tukayarudishe mimi na wewe. Mahakamani siendi tena, na nitasema mimi ndiye niliyekosea kuhesabu."

Mama, sijui kama uliwahi kufahamu jinsi nilivyotaka aseme ndiyo. Nadhani hata yeye alitaka. Alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akanitazama mimi niliyekuwa mtoto wa shule na sare yangu, kisha akachukua kofia akaenda zizini kwa ng'ombe. Tukangoja. Mama Mkubwa akaanza kulia bila sauti. Ng'ombe wake walikwisha kulishwa, tuliona majani mbele yao, lakini hakurudi uani. Basi ukasema, "Kwaheri, dada yangu," tukaondoka.

Hati ya pili haikufika hata mwisho wa ukurasa. Aya ya kwanza ilisema wewe ni nani: mama na mlezi wa Aloisi, mtoto wa marehemu Severini, unadai kwa niaba yake. Ya pili ilisema kihamba kiko wapi na nani alikipanda. Ya tatu ilisema mdaiwa aling'oa masale ya mpaka, akayapanda upya upande wa juu wa kaburi la marehemu, mvua za vuli zilipoanza. Ya nne, tangu hapo mdaiwa anavuna kahawa ya kipande kile. Ya tano, unaomba masale yarudi mahali pake. Nilipofika aya ya tatu kalamu ilikataa kwenda. Ukaniambia, "Andika, mwanangu. Mkono wako hauna kosa, anayesema ni mimi." Nikaandika. Nyama ya Krismasi haikuingia, na najua ilikuuma kuiacha.

Utetezi wa Baba Mkubwa ndio sasa ukawa mrefu. Yule bwana wa mashine nadhani siku hiyo alikuwa hayupo, au Baba Mkubwa hakumsikiliza. Ardhi ni ya taifa. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, na babu alimpendelea mdogo. Yeye ndiye aliyesimamia kuchimba kaburi. Kahawa alivuna kwa sababu ingeoza. Mjane ana jeuri, na binti wa mjane ameharibiwa na shule. Nilifurahi mno kutajwa katika karatasi ya mahakama, nikausoma mstari huo mara nyingi kuliko ilivyofaa. Lakini habari za masale hakuzigusa. Hakusema aling'oa, hakusema hakung'oa.

Mimi nilidhani amesahau. Wewe ndiye uliyeniambia hapana. "Akikana, itabidi aape mbele za watu," ukasema. "Protasi anaweza kunidanganya mimi, na hakimu, na hata padre. Juu ya masale hathubutu." Kile kilichokufunga mdomo wewe mara ya kwanza kilikuwa kimemfunga yeye sasa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba huyu mtu aliyeuchukua udongo wa kaburi la Baba bado ana kitu anachokiogopa. Ulisema hayo bila furaha. Ulikuwa unamenya ndizi, ukaendelea kumenya.

Siku ya shauri chumba kilijaa mpaka dirishani. Hakimu akaweka karatasi mbili mbele yake, akazipitia kwa kidole, aya kwa aya.

"Mdaiwa," akasema, "umejibu aya ya kwanza, umejibu ya pili, ya nne na ya tano. Aya ya tatu umeiruka. Jambo likidaiwa waziwazi na usilikane, mahakama inalichukua kwamba umelikubali. Sitaki kukuonea, kwa hiyo nakupa nafasi. Unakana kwamba uling'oa masale?"

"Ardhi ni ya taifa, Mheshimiwa."

"Sijakuuliza ardhi ni ya nani. Nimekuuliza masale."

Mmoja wa wale wazee akainua uso, akamsemesha Baba Mkubwa kwa Kichagga, taratibu, kama anavyosemeshwa mtu mgonjwa. Hakimu akaomba Kiswahili kitumike. Mzee akasema, "Nimemwambia ajibu tu, Mheshimiwa. Hakuna atakayempiga."

Baba Mkubwa alikuwa anazungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, unamkumbuka, akipita mlangoni lazima ainame, lakini pale alionekana mdogo.

"Masale sikani," akasema.

Basi, ikawa imekwisha. Hakuna shahidi aliyeitwa. Masale yakarudishwa mbele ya balozi wa nyumba kumi na wazee, Baba Mkubwa akichimba mwenyewe, na wewe ukawapikia mtori waliokuja, yeye akiwemo. Alikula. Hata alishukuru. Na alipokuja na jani la sale baada ya mavuno ulilipokea, hukumuuliza kitu.

Lakini Mama Mkubwa hakurudi kwako. Hilo hatukuwahi kulizungumza. Ninyi wawili mlikuwa mkishuka sokoni pamoja, mikungu kichwani, mkiwasema waume zenu njia nzima, na kicheko chenu tulikisikia kabla ya kuwaona. Baada ya kesi alianza kupita njia ya juu. Binti yake alipojifungua ulipika mtori wa mzazi, ukanipa nipeleke, na sufuria ilirudi imeoshwa, bila neno. Uliipokea ukaitazama ndani. "Nilimwambia mapema," ukaniambia. "Sikuwa na namna nyingine ya kumheshimu." Ukaenda kumkamua ng'ombe na hukutoka zizini mpaka nikaja kukuita. Nadhani ulimkumbuka Mama Mkubwa kuliko ulivyomkumbuka Baba. Nilikuwa mtoto, sikujua niseme nini, na sasa ningejua lakini hupo. Mlitazamana tu kanisani miaka yote ile, na alipokuja kukuzika mwaka juzi alilia kuliko sisi.

Mimi ile kesi ilinipa kazi. Nilitaka kukaa pale hati zinapopokelewa. Kila siku wanakuja watu wa shamba limepungua. Mke anakuja kuandika kwamba mume hana utu, na kumbe anataka vyombo vyake tu. Ndugu wanakuja kuandika historia ya ukoo mzima kwa sababu ya mti mmoja wa mruka. Nawaambia: nani, alifanya nini, wapi, lini, unataka nini. Wengine wananishukuru, wengine wanasema sina adabu, nami nakumbuka maneno yako darajani nacheka moyoni.

Na kwa uhodari wangu wote huo, Mama, unajua nimekuwa nikimwambia nini Aloisi? Nilipanda Krismasi, nikapanda Pasaka, nikapanda alipobatiza mtoto. Kila mara nilikaa barazani kwake kuanzia asubuhi mpaka jua linashuka, nikamwambia, "Maisha yamebana kidogo, mdogo wangu." Naye, ni kijana mzuri, ulimlea vizuri, akasema, "Pole sana, dada," akanifungia mkungu wa mshare na maziwa kwenye chupa, akanisindikiza mpaka barabarani. Sina haki ya kumlaumu. Amejibu alichoambiwa.

Ninayemlaumu ni wewe. Nimelizunguka sana hili, sasa nalisema. Katika ile hati ya pili uliniambia niandike "Aloisi, mtoto wa marehemu", nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Marehemu alikuwa na watoto wawili, Mama. Mmoja alikuwa ameshika kalamu. Najua utajibu nini: ndivyo mila ilivyo, ndivyo hakimu alivyosema, na bila hivyo tungeshindwa. Yote ni kweli. Lakini hukumu ilipokwisha, masale yakarudi, ukawa umeketi miaka mingi katika kihamba kile kama mama mwenye nyumba, hukuniambia hata siku moja, hata kwa utani, kwamba ni changu na mimi. Nilipoolewa ulisema nimepata kwangu. Nilipokuja kukueleza kwamba kule kwangu kunavunjika, ulisema nivumilie, ukanipa kuku nimpelekee mume. Nilikasirika nikamla njiani kwa rafiki yangu, yule kuku, na sijutii.

Ninajua watakayosema Jumamosi. Aloisi mwenyewe labda hatasema, lakini mkewe ana baba, na baba ana ulimi. Watasema binti hajengi kihambani. Watasema mume wangu yu hai. Watasema mbona sikusema mama alipokuwa hai. Hilo la mwisho litaniuma, maana sina jibu zuri, isipokuwa kwamba nilikuwa nangoja useme wewe. Mahakamani siendi. Nafanya kazi huko, najua ndugu wanavyotoka wakiwa wamefika humo, na wasichana wangu wanampenda mjomba wao.

Nitawaacha Pasua kwa jirani, nipande peke yangu. Sitabeba sukari, kwanza foleni ya sukari wiki hii ni ya kufa mtu, na pili nisipobeba zawadi nitalazimika kusema mapema. Sitaanza na habari za mume wangu wala za mwenye nyumba. Nitamwambia: "Aloisi, mimi ni mtoto wa Severini kama wewe. Nataka sehemu ya kujenga nyumba ya vyumba viwili, pale chini kwenye kahawa ya zamani ambako hulimi. Naitaka iwe yangu na ya wasichana wangu, na nataka uniambie mwaka huu." Nimeisema mbele ya kioo jana nikiwa napiga pasi, binti yangu mkubwa akauliza naongea na nani.

Sijui kama ungekuwa upande wangu. Nimejaribu kukusikia, na mara nasikia ndiyo, mara nasikia kigoda kinavutwa unaondoka. Nakupenda, Mama, na nakudai, na sijaona kimoja kikifuta kingine. Aloisi akikataa nitalia njiani kama mtu yeyote, na Jumatatu nitakwenda kazini. Lakini hatakuwa na nafasi ya kusema hakujua nilichotaka.

Pumzika kwa amani, wewe na Baba.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,
Filomena